Mbwa na Watoto Wake

Ndama azaliwapo husimama kwa miguu yake mwenyewe kabla ya saa nyingi kupita, akamtafuta mama yake na kunyonya. Kifaranga atokapo katika yai hutembea na kudonoa chakula mapema sana. Mtoto wa mbwa, ambaye huitwa kilebu, hawezi kufanya hayo. Macho yake yamefumba, masikio yake yameziba, na miguu yake haina nguvu ya kuinua tumbo lake. Akiachwa peke yake juu ya sakafu ya saruji usiku wa baridi, aweza kufa kabla ya asubuhi, hata kama tumbo lake limejaa maziwa.

Katika sura hii tutajifunza mambo manne ambayo kilebu hawezi kujifanyia mwenyewe, na jinsi mama yake amfanyiavyo. Ukiyaelewa mambo hayo, utajua pia kazi yako ni ipi mbwa wa nyumbani kwenu azaapo. Utaona kwamba kazi yako kubwa si kuwashikashika vilebu, bali ni kumtunza mama yao ili aweze kuwatunza wao.

Siku za mimba

Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, yaani majuma tisa. Wengine huzaa siku chache kabla au baada ya hapo. Ikiwa mnajua siku alipopandwa, iandikeni katika kalenda. Kwa mfano, mbwa aliyepandwa tarehe 1 Aprili hutazamiwa kuzaa karibu na tarehe 3 Juni.

Katika majuma matatu ya mwisho vilebu walio tumboni hukua upesi. Wakati huo mama huhitaji chakula zaidi, lakini tumbo lake halina nafasi ya mlo mkubwa. Kwa hiyo mpe chakula kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Ugali peke yake humshibisha, lakini hautoshi kujenga miili ya watoto wala kutengeneza maziwa. Changanya ugali na dagaa, mabaki ya nyama, au utumbo uliochemshwa vizuri.

Kuna vyakula ambavyo haifai kumpa. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, navyo huweza kutoboa utumbo. Mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni huweza kuwa na vijitoto vya minyoo, ambayo hukua ndani ya mbwa, na mayai yake huweza kuwadhuru watu.

Mahali pa kuzalia

Juma moja au mawili kabla ya siku ya kuzaa, mtayarishie mama mahali pake ili apazoee. Chagua pembe tulivu ya banda au ya ua iliyoezekwa, isiyoingiwa na mvua, upepo, moshi wala jua kali. Sanduku la mbao litafaa. Liwe na upana wa kumwezesha mama kulala amejinyoosha, na mlango wenye kizingiti kifupi ambacho yeye aweza kukiruka lakini vilebu hawawezi kukivuka.

Ndani ya sanduku funga fito kuzunguka kuta zote, kiasi cha sentimita kumi kutoka chini na sentimita kumi kutoka ukutani. Mama alalapo, fito hizo huacha nafasi ambamo kilebu aweza kuponea asibanwe. Tandika majani makavu au nguo kuukuu safi. Kila siku angalia kama kuna siafu karibu na mahali hapo. Siafu huweza kuwaua vilebu wote usiku mmoja, kwa kuwa hawawezi kukimbia. Ukiwaona siafu, waambie wakubwa mara moja ili sanduku lihamishwe.

Siku ya kuzaa

Mbwa akaribiapo kuzaa huacha kula, huhangaika, hukwaruza matandiko na kuhema upesi. Joto la mwili wake pia hushuka. Kwa kawaida mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, lakini kabla ya kuzaa hushuka chini ya 38 na mara nyingi hufikia 37.

Kilebu hutoka akiwa ndani ya mfuko mwembamba. Mama huupasua mfuko huo kwa meno, hukata kitovu, kisha humlamba mtoto kwa nguvu. Usidhani kwamba anamwumiza. Kule kulamba humkausha mtoto na kumfanya avute pumzi yake ya kwanza. Mama huweza pia kula kondo la nyuma, na hilo ni jambo la kawaida.

Mbwa wengi hawahitaji msaada wowote siku hiyo. Wanahitaji utulivu. Kaa mbali na uwazuie watoto wadogo wasimkaribie. Hata mbwa mpole aliyekuzoea aweza kuuma akidhani kwamba watoto wake wamo hatarini. Lakini mama akijikaza kwa nguvu kwa zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, mzazi wako amwite daktari wa mifugo au afisa mifugo bila kukawia.

Jambo la kwanza: Joto

Mwili wa kilebu ni mdogo, una mafuta machache chini ya ngozi na manyoya mafupi. Sisi tukipatwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka hutupatia joto. Kilebu katika siku zake za kwanza hawezi hata kutetemeka. Joto la mwili wake katika juma la kwanza ni nyuzi 35 hadi 36 tu, nalo hutegemea joto la mama yake na la ndugu zake. Ndiyo sababu vilebu hulala wamerundikana. Jaribio lifuatalo litakuonyesha faida ya kulala hivyo.

Jaribio

Vifaa: chupa ndogo tano zinazolingana, maji ya moto yasiyochemka, kipande cha kamba na kipimajoto.

1. Mwalimu atajaza maji hayo katika chupa zote tano. Pima joto la maji na uliandike.
2. Funga chupa nne pamoja kwa kamba ili zigusane. Chupa ya tano iweke peke yake, mbali na zile nne. Zote ziwe juu ya meza moja.
3. Baada ya dakika 30, pima joto la maji katika chupa iliyo peke yake na katika mojawapo ya zile nne.

Je, ni chupa ipi iliyopoa zaidi? Chupa iliyo peke yake hupoteza joto pande zote. Zile zilizogusana hupoteza joto kwa upande wa nje tu. Vivyo hivyo, kilebu aliyetengwa na wenzake hupoa upesi kuliko aliye katikati yao.

Jambo la pili: Chakula

Kilebu hazaliwi na meno. Chakula chake ni maziwa tu, naye hunyonya kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Ingawa haoni wala hasikii, aweza kunusa na kuhisi joto. Kwa pua yake hutafuta chuchu, huku akitambaa kwa tumbo.

Maziwa ya mbwa hayafanani na ya ng'ombe. Mafuta na protini zilizomo ni kiasi cha mara mbili ya zile za maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi kumlea kilebu aliyefiwa na mama, na mara nyingi humharisha. Mama wa vilebu akifa, mtaalamu wa mifugo ndiye atakayeeleza namna ya kuwalisha.

Sasa fikiri: maziwa yote hayo hutoka wapi? Hutoka katika chakula na maji ambayo mama hupata. Katika juma la tatu na la nne, vilebu wanyonyapo kwa wingi, mama huhitaji chakula mara mbili au tatu kuliko siku za kawaida. Mbwa asiyepewa cha kutosha hutumia nyama ya mwili wake mwenyewe kutengeneza maziwa. Hukonda, maziwa hupungua, na vilebu huanza kulia. Maji safi yawe karibu naye wakati wote.

Jambo la tatu: Kinga

Maziwa ya kwanza ya mama huitwa dang'a. Dang'a ina kinga dhidi ya magonjwa ambayo mama amewahi kuugua au kuchanjwa. Utumbo wa kilebu huweza kupitisha kinga hiyo kuingia katika damu kwa muda wa siku moja hivi tu baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo njia hiyo hufungika. Kwa hiyo ni lazima kila kilebu anyonye mapema. Tena, mama aliyechanjwa kabla ya kushika mimba huwa na kinga nyingi zaidi ya kuwagawia watoto wake.

Jambo la nne: Haja

Katika majuma matatu ya kwanza kilebu hawezi kujisaidia haja ndogo wala kubwa bila msaada. Mama humlamba chini ya mkia, naye ndipo hujisaidia. Mama huramba uchafu huo na kuacha matandiko yakiwa makavu. Kwa njia hiyo vilebu hawalali katika unyevu, na harufu yao haiwaiti wanyama wengine.

Kazi yako

Umekwisha kuona kwamba mama hutoa joto, chakula, kinga na usafi. Wewe fanya haya:

Mpe mama chakula cha kutosha na maji safi kila siku, wala usimwondoe kwa watoto wake kwa muda mrefu. Badilisha matandiko yaliyolowa, wakati mama ametoka kujisaidia. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kazi hiyo. Usiwachukue vilebu kuwaonyesha rafiki zako, wala usiwaogeshe. Maji huwaondolea joto haraka.

Watazame vilebu asubuhi na jioni. Vilebu wenye afya wamejaa tumbo, wana joto, na wakati mwingi hulala kimya. Kilebu mgonjwa hulia bila kukoma, au hulegea, naye huwa baridi ukimgusa. Ukimwona kilebu aliyepoa, usikimbilie kumtia maziwa kinywani. Tumbo lililopoa haliwezi kusaga chakula, na maziwa yaweza kumpalia. Kwanza apashwe joto polepole, akiwa amefunikwa kwa kitambaa kikavu kifuani mwa mtu mzima. Au awekwe kando ya chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo nene. Apatapo joto, arudishwe kwa mama na awekwe kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi zina maziwa mengi.

Mtazame mama pia. Akianza kutetemeka, kukakamaa miguu au kuyumba, huenda damu yake imepungukiwa na kalsiamu, ambayo imekwenda katika maziwa. Hali hiyo yaweza kumwua kwa muda wa saa chache. Ni lazima atibiwe na mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kupima ukuaji

Mzani mdogo wa jikoni waweza kutuambia jambo ambalo macho hayajaliona bado. Kilebu mwenye afya huongezeka uzito kila siku, na afikishapo siku 10 hivi uzito wake huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Mtu mzima ambaye mama mbwa amemzoea ndiye apime. Tazama uzito wa vilebu wawili wa mfano:

Kilebu A: siku ya 1, gramu 300, siku ya 4, gramu 390, siku ya 7, gramu 480, siku ya 10, gramu 600.

Kilebu B: siku ya 1, gramu 300, siku ya 4, gramu 295, siku ya 7, gramu 280.

Kwa nini hakuna uzito wa Kilebu B siku ya 10? Ni kwa sababu hakuifikia. Kama uzito wake ungalitazamwa kwa makini siku ya 4, angaliweza kusaidiwa.

Kufungua macho na kuacha kunyonya

Kati ya siku ya 10 na ya 14 macho ya vilebu hufunguka. Usiyafumbue kwa vidole. Siku chache baadaye masikio huzibuka, nao huanza kushtuka wasikiapo sauti. Katika juma la tatu husimama na kutembea kwa kuyumba, na meno huanza kuota. Huu ndio wakati wa kuwazoesha watu. Washike kwa upole, kwa muda mfupi, mama akiridhika. Kilebu aliyezoezwa upole wakati huu huwa mbwa mtulivu.

Kuanzia juma la nne waweza kuwapa uji mwepesi uliochanganywa na maziwa au dagaa waliosagwa, katika sahani pana. Waongezee kidogo kidogo. Ifikapo juma la nane wataweza kula bila kumtegemea mama. Kabla ya hapo usimtoe kilebu kwenda kwa mtu mwingine.

Minyoo na viroboto

Kilebu huweza kupata minyoo kutoka kwa mama yake kabla hajazaliwa, na pia katika maziwa. Tumbo lake huvimba na manyoya hukosa mng'ao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi na kuingia udongoni. Mtoto achezaye hapo kisha akala bila kunawa huweza kuyameza akaugua. Kwa hiyo vilebu hupewa dawa ya minyoo kuanzia umri wa majuma mawili, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka wafikishe majuma manane, kwa kipimo cha mtaalamu. Kinyesi chao kizolewe na kufukiwa.

Viroboto hunyonya damu, na kilebu mdogo ana damu kidogo sana. Wachanulie kwa kitana na kubadilisha matandiko. Usitumie kamwe dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa hiyo yaweza kumwua kilebu.

Chanjo

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kuuma. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya umri wa miaka 15. Lakini ugonjwa huu huzuilika. Mwaka 1885, nchini Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kilebu huchanjwa afikishapo miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa wakati atakaoeleza mtaalamu, mara nyingi kila mwaka. Ikitangazwa siku ya chanjo kijijini au mtaani kwenu, wapelekeni mbwa wote wa nyumbani, pamoja na vilebu. Mtaalamu ndiye atakayeamua nani achanjwe.

Ugonjwa mwingine hatari kwa mbwa ni distempa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliona kwamba virusi vyake vilitokana na mbwa wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo anayewachanja mbwa wake huwalinda watu wa nyumbani mwake, mbwa wa jirani, na hata wanyama wa porini.

Ukiumwa na mbwa yeyote, hata kilebu, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15. Usilitie pilipili wala majani. Mwambie mtu mzima, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mambo ya kukumbuka

1. Kilebu huzaliwa bila kuona wala kusikia, naye hawezi kujipatia joto.
2. Mama humpa joto, chakula, kinga na usafi. Mtunze mama, naye atawatunza watoto.
3. Kilebu aliyepoa apashwe joto kwanza, ndipo anyonye.
4. Dawa ya minyoo na chanjo huwalinda mbwa na watu pia.

Mazoezi

1. Mbwa alipandwa tarehe 10 Julai. Anatazamiwa kuzaa tarehe gani?
2. Eleza kwa nini vilebu hulala wamerundikana. Tumia matokeo ya jaribio lako.
3. Jirani yako anataka kuwalisha vilebu maziwa ya ng'ombe ili mama yao "apumzike". Utamwambia nini?
4. Chora grafu ya uzito wa Kilebu A na Kilebu B. Ni siku ipi ambayo mwenye mbwa alipaswa kumwita mtaalamu?
5. Kwa nini yafaa mbwa jike achanjwe kabla ya kushika mimba?
6. Uliza afisa mifugo wa kata yenu siku ya chanjo ya mbwa ni lini. Andika jibu lake katika daftari, kisha uwaambie wazazi wako.